Kuomba Disney College Program, na kuomba tena ukikataliwa

Disney College Program ni kazi ya muda, ya kulipwa, kwa wanafunzi wa vyuo katika bustani za burudani na hoteli za Walt Disney World, karibu na Orlando, Florida. Ilianza mwaka 1981. Unafanya zamu za mchana, usiku na sikukuu, unalipwa kila wiki, na ukimaliza unaondoka na jina ambalo mwajiri yeyote Marekani analitambua. Vijana wanaozungumza Kiswahili waliokulia Louisville, Columbus au Dallas baada ya wazazi wao kuhamishwa kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wanaweza kuomba kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wengi hukwama kwenye mambo madogo ambayo hakuna mtu nyumbani wa kuwaambia.

Programu hii huombwa na watu wengi kuliko nafasi zilizopo, kwa hiyo kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida. Tatizo ni kutuma fomu ileile msimu unaofuata bila kugusa kitu. Maombi ya pili yanahitaji badiliko linaloonekana, na badiliko hilo hutegemea umekwama hatua gani. Kwa hiyo tupite hatua zenyewe kwanza.

Nani anaruhusiwa

Uwe umetimiza miaka 18 kabla ya kuripoti kazini. Uwe umesajiliwa katika chuo kilichoidhinishwa nchini Marekani na umemaliza angalau muhula mmoja; chuo cha jamii cha miaka miwili kinahesabika. Waliohitimu karibuni nao huruhusiwa, na tangazo la kila msimu hutaja ni ndani ya miezi mingapi. Sharti la tatu ndilo linalowatatiza wengi wetu: uwe na ruhusa ya kufanya kazi Marekani isiyo na mipaka, kwa muda wote wa programu.

Raia anayo. Mwenye green card anayo. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekwisha kupewa hifadhi wanayo pia, kwa sababu hali yao kisheria ndiyo inayowapa ruhusa. Kadi ya kazi ni uthibitisho tu. Anayesubiri kesi ya hifadhi hutegemea kadi yake ya kazi, na ni lazima aangalie tarehe ya mwisho. Kadi inayoisha katikati ya mkataba ishughulikiwe mapema, kabla ya kuomba.

Mwanafunzi wa visa ya F-1, yaani visa ya masomo, yuko kwenye hali tofauti. Ruhusa ya CPT, yaani ya kazi ya mafunzo inayohusiana na masomo yako, hutolewa kupitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja kamili wa masomo, nayo hufungwa kwa mwajiri mmoja na tarehe maalumu. Huo ni mpaka. Zungumza na ofisi hiyo ukiwa na tangazo la kazi mkononi kabla ya kujaza chochote. Kumbuka pia kwamba CPT ya kutwa ikifika miezi 12 unapoteza haki ya OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, hasa baada ya kuhitimu) kwa kiwango hicho cha masomo, na kufanya kazi bila idhini kunavunja hadhi yako ya visa.

Na aliyeko chuoni Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu au Muscat? Programu hii si yake. Wanafunzi wa nje hupitia njia nyingine: visa ya J-1 ya kazi za likizo, ambayo lazima iwe na mdhamini anayetambuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, au Q-1 ya kubadilishana utamaduni, ambayo kwa miaka mingi imewaleta vijana kufanya kazi kwenye mabanda ya nchi zao pale EPCOT, moja ya bustani za Walt Disney World. Mtu anayetaka umtumie pesa kwa M-Pesa ili akuhakikishie nafasi Disney ni tapeli. Hakuna njia hata moja kati ya hizi inayouzwa hivyo.

Nyaraka zako zisomane

Watu huacha nyaraka hadi wapate ofa. Zianze leo. Kila mwajiri Marekani hujaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na unatakiwa kuonyesha nyaraka halisi ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze. Picha kwenye simu haikubaliwi, fotokopi haikubaliwi, na kitambulisho kilichopitwa na wakati hakikubaliwi. Unaweza kuleta kimoja kinachojitosheleza, yaani pasipoti ya Marekani, green card au kadi ya kazi. Au uunganishe viwili, kwa mfano leseni ya udereva ya jimbo pamoja na kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na maandishi ya kizuizi. Ikiwa kadi yako ya Social Security imeandikwa kwamba inafaa kwa kazi kwa idhini maalumu tu, haitahesabika hapa, hata kama hali yako imeshabadilika. Nenda ofisi zao ukabadilishiwe.

Tangu Julai 2023 sheria ya Florida inawataka waajiri binafsi wenye wafanyakazi 25 au zaidi wahakiki wafanyakazi wapya kupitia mfumo wa E-Verify. Mfumo huo hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa na kumbukumbu za serikali. Hapa familia za wakimbizi huumia. Jina la ukoo limewekwa la kwanza kwenye kadi moja na la mwisho kwenye nyingine. Herufi moja imeongezwa kambini na kupunguzwa uwanja wa ndege. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa Januari 1 kwa ndugu wote watatu, halafu mmoja akasahihisha upande mmoja tu. Weka kadi zako zote mezani, soma kila herufi, na andika kwenye maombi jina kama lilivyo kwenye nyaraka utakazoonyesha, si kama unavyoitwa chuoni. Mfumo ukitoa taarifa ya kutolingana, usiogope na usiondoke kazini: ukichagua kupinga, mwajiri anapeleka kesi, nawe una siku 8 za kazi za serikali kuwasiliana na ofisi husika. Wakati huo mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu hiyo. Siku 8 hupita haraka, hasa ukiwa mji mgeni, hivyo tofauti za majina ni bora zimalizwe ukiwa bado nyumbani.

Kalenda na fomu

Kwa kawaida maombi ya wanaoanza mwanzoni mwa mwaka hufunguliwa karibu na Agosti, na ya wanaoanza kati ya Mei na Agosti hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Tarehe kamili hutangazwa kwenye tovuti rasmi ya ajira ya Disney. Omba ndani ya wiki ya kwanza. Ofa hutoka kwa mafungu, wiki baada ya wiki, na kila fungu linapotoka kazi fulani hujaa. Anayeomba siku za mwisho anashindania mabaki.

Fungua akaunti kwa barua pepe yako binafsi. Ya chuo inaweza kufungwa ukihitimu, na majibu muhimu yakapotelea huko. Kagua folda ya taka kila siku.

Kuna swali kwenye maombi mengi ya kazi Marekani linalouliza kama utahitaji mwajiri akudhamini visa, sasa au baadaye. Mwenye green card, mkimbizi na aliyepewa hifadhi hujibu hapana. Kijana akisoma haraka, akafikiri anaulizwa kama ni mgeni, akajibu ndiyo, mfumo unaweza kumtoa papo hapo.

Wasifu uwe ukurasa mmoja. Usiuache mtupu kwa kuwa hukuwahi kuajiriwa. Msichana ambaye kila Jumamosi amekuwa akiwatafsiria wazee kliniki amefanya huduma kwa wateja katika lugha mbili. Aliyehudumia futari msikitini kwa watu 150, aliyepanga watoto wa shule ya Jumapili, aliyekaa kaunta ya duka la mjomba: yote hayo ni kazi ya kukabili watu wengi kwa wakati mmoja, na ndiyo kazi ya bustani. Andika ulifanya nini, kwa muda gani, kwa watu wangapi. Orodhesha lugha zako zote na kiwango chako kwa ukweli. Kifaransa na Kireno hasa, maana wageni wanaozizungumza huja Florida kwa wingi.

Kisha inakuja orodha ya kazi, ambapo unaeleza kiwango cha hamu yako kwa kila moja. Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye fomu. Majina huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yajue. Attractions ni kuendesha vivutio na kupanga foleni. Merchandise ni kuuza madukani. Quick Service Food and Beverage ni chakula cha haraka na keshia. Custodial ni usafi wa bustani, kazi inayodharauliwa na wasioijua, ingawa ina uhuru wa kutembea na kuongea na wageni siku nzima. Lifeguard ni mwokoaji wa majini. Ina mtihani wa kuogelea, usiiguse kama huogelei vizuri. Housekeeping ni kusafisha vyumba vya hoteli. Character Performer, wanaocheza wahusika, hupita kwenye majaribio yao wenyewe na kimo huangaliwa.

Anayeweka hamu kubwa kwenye kazi mbili za kifahari na kukataa nyingine zote amejifungia mlango. Kazi zinazochukua watu wengi zaidi ni chakula cha haraka, usafi, duka na vivutio. Weka angalau nne kwenye hamu kubwa au ya kati. Ila usitie alama kazi usiyoweza kuifanya kwa miezi, kwa sababu unaweza kupewa hiyo hiyo, na kubadilishiwa baada ya ofa ni vigumu. Tarehe za kufika nazo ziwe nyingi kadiri ratiba yako inavyoruhusu. Mwenye tarehe moja tu anaachwa kirahisi, hata akiwa mzuri.

Huchagui bustani. Wapo wanaoomba wakitamani kupangiwa Harambe, kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, ambacho majengo yake yameigwa pwani yetu, Lamu hasa. Au hoteli ya Animal Kingdom Lodge, yenye jengo la Jambo House na migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Ni fahari kweli kuona lugha yako imebandikwa ukutani kule. Lakini unaomba aina ya kazi, na mahali unapangiwa.

Maswali ya mtandaoni

Baada ya fomu unapelekwa kwenye maswali yanayopimwa kwa muda. Ni sentensi kuhusu tabia yako: kuwahi kazini, kufuata maelekezo, kukaa na watu wagumu, kuchoka. Unasema unakubali au unapinga kwa kiasi gani. Muda wa kila swali ni mfupi na huwezi kurudi nyuma.

Watu wengi huanguka hapa, na sababu kubwa ni kukaa katikati. Tumelelewa tusijisifu, mtu mwenye bidii ataulizwa kama ana bidii naye atachagua jibu la wastani kwa adabu. Mfumo haujui adabu hiyo, unasoma wastani. Kama unawahi kazini kila siku, sema unakubali kabisa. Sababu ya pili ni kujipinga: jambo lilelile hurudi baadaye kwa maneno mengine, na anayebuni majibu ili apendeze husahau alichosema mwanzoni. Jibu kwa ukweli, kwa uthabiti, bila kusitasita.

Tumia kompyuta yenye intaneti ya uhakika, katika chumba cha maktaba chenye mlango, na simu iwe imezimwa. Bando likiisha katikati, au ukiufunga ukurasa kwa bahati mbaya, unaweza kuhesabiwa umemaliza vibaya. Kama Kiingereza chako cha kusoma ni cha polepole, fanya mazoezi ya majaribio ya tabia yaliyo bure mtandaoni kwa wiki moja, ukijipimia sekunde. Usimpe dada au rafiki akujibie: atakuvusha hapa, kisha usaili utaonyesha mtu mwingine kabisa.

Usaili

Mwaliko utakuambia kama ni kwa simu au kwa video unayojirekodi. Kwa simu ni mazungumzo mafupi, mara nyingi chini ya nusu saa. Kwa video, swali linatokea, unapewa muda kidogo wa kufikiri, kisha unarekodi. Mwanga uwe mbele yako, ukuta nyuma uwe mtupu, na tazama kamera, usijitazame kwenye kioo cha kompyuta.

Jifunze kanuni tano ambazo wafanyakazi wote wa Disney hufundishwa: usalama, ukarimu, ujumuishi, maonyesho na ufanisi. Ujumuishi uliongezwa mwaka 2020. Kabla ya hapo zilikuwa nne. Usalama hutangulia daima, na mpangilio huo ndio ufunguo wa maswali ya mifano. Tuseme unaulizwa ungefanya nini baba akisisitiza mtoto wake apande Expedition Everest, treni ya mteremko yenye kimo cha chini cha inchi 44, sawa na sentimita 112, na mtoto ana inchi 43. Jibu linaloanza na "ningemwonea huruma" limeshapotea. Anza na usalama: hapandi, kwa sababu vifaa vya kumshikilia vimeundwa kwa kimo hicho. Kisha ukarimu: unachuchumaa, unazungumza na mtoto mwenyewe, unamtajia kivutio cha jirani kinachomfaa, kama Kilimanjaro Safaris kisicho na sharti la kimo. Baba akizidi kupandisha sauti, unamwita kiongozi wa zamu. Mtoto aliyepotea ni vilevile: unakaa naye palepale, unajishusha usawa wa macho yake, unatoa taarifa kwa kiongozi, huzunguki naye bustanini kutafuta wazazi.

Andaa mikasa mitatu ya kweli kutoka maisha yako, kila mmoja wa dakika moja na nusu: hali ilikuwaje, ulifanya nini, ikaishaje. Mmoja uwe wa mteja au mtu aliyekasirika, mmoja wa kufanya kazi na wenzako, mmoja wa kosa ulilolirekebisha. Tarajia pia kuulizwa kama unaweza kuishi na watu usiowajua, kusimama saa 8 kwenye joto la Florida, kufanya kazi Krismasi, na kurudia maneno yaleyale mara mia kwa siku. Jibu la "nitajaribu" ni dhaifu. Taja ulipowahi kufanya hivyo.

Na jambo la heshima. Kwetu kijana anayejibu mkubwa kwa maneno machache, kwa sauti ya chini, ameonyesha malezi. Msaili wa kule atasikia mtu asiyetaka kazi. Usibadilike kuwa mtu wa kelele. Ongeza tu urefu wa jibu, tabasamu hata kwenye simu, kwa kuwa sauti hubeba tabasamu, na useme wazi "nilifanya" badala ya "tulifanya" pale ulipofanya wewe.

Swali la kwa nini Disney lisijibiwe kwa filamu uliyoipenda utotoni pekee. Unganisha na kazi uliyoiomba na unachosomea. Anayesoma uuguzi aeleze kuwatuliza watu wenye hofu. Anayesoma biashara aeleze jinsi duka la maelfu ya wageni kwa siku linavyoendeshwa.

Ofa na hesabu zake

Ofa hutaja kazi, tarehe, mshahara kwa saa, ada ya kuanzia na siku ya mwisho ya kujibu. Nyumba za programu ni Flamingo Crossings Village, zilizofunguliwa 2021, na kodi ya kitanda hukatwa kwenye mshahara wa kila wiki. Piga hesabu kabla ya kukubali. Kwa mfano, saa 35 kwa dola 18 ni dola 630. Makato ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) ni asilimia 7.65, karibu dola 48. Kodi ya serikali kuu kwa asiyeoa na asiye na kazi nyingine ni kama dola 35 hadi 40. Kodi ya kitanda tuiweke dola 220. Inabaki kama dola 320 kwa chakula, simu na unachotuma nyumbani. Weka viwango vya ofa yako mwenyewe mahali pa hivi. Wiki yenye saa 30 hupunguza dola 90 kabla ya makato, lakini kodi ya kitanda haipungui. Kwa hiyo usimwahidi mama kiwango kimoja cha kila mwezi.

Florida haina kodi ya mapato ya jimbo. Ukibaki mkazi wa Kentucky au Ohio, hata hivyo, jimbo lako litataka kodi kwa pesa uliyochuma Florida, na hakuna aliyeikata. Weka akiba kidogo kila wiki kwa ajili ya Aprili, mwezi wa kufunga hesabu za kodi.

Kabla ya kubonyeza kukubali, nenda kwa mshauri wa masomo na ofisi ya misaada ya fedha. Uliza kama programu inapewa krediti. Uliza nini kitatokea kwa ufadhili wako usiposajili masomo muhula huo. Mikopo ya serikali kuu huanza kuhesabu muda wa nafuu wa miezi 6, kabla ya kuanza kulipa, mara unaposhuka chini ya nusu ya mzigo wa masomo, na programu ya miezi 7 inavuka hapo. Wengi hujisajili madarasa ya mtandaoni, mara nyingi krediti 6, ili wabaki kwenye nusu. Uliza pia kuhusu bima ya afya ikiwa unaipata chuoni.

Umekataliwa: tafuta ulipokwama

Barua ya kukataliwa haisemi sababu. Muda ilipofika ndio unaosema.

Ikija papo hapo, kabla hata ya maswali ya mtandaoni, tatizo ni sifa. Rudia majibu yako kuhusu umri, muhula uliomaliza, tarehe ya kuhitimu na udhamini wa visa. Ni kosa jepesi kuliko yote kurekebisha msimu ujao.

Ikija mara tu baada ya maswali, umeanguka kwenye maswali. Kwa muda mrefu kanuni imekuwa kusubiri miezi 6 kabla ya kuruhusiwa kuyafanya tena. Shika muda uliotajwa kwenye barua yako. Angalia kalenda inavyokubana. Ukianguka Februari, miezi 6 inaisha Agosti, na dirisha ndilo linafunguliwa: hukupoteza kitu. Ukianguka mwishoni mwa Septemba, unakuwa huru mwishoni mwa Machi, wakati maombi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa mwaka yanaelekea ukingoni au yamefungwa. Huenda ukapoteza msimu mzima. Kwa hiyo usiyafanye maswali haya kwa kujaribu bahati usiku wa manane. Usifungue akaunti ya pili kwa barua pepe nyingine ili kuukwepa muda huo. Jina, tarehe ya kuzaliwa na historia yako ni zilezile, na maombi mawili yanayopingana yanaharibu yote mawili.

Ukipita maswali kisha wiki zikapita bila kuitwa usaili, au ukakataliwa kimyakimya katikati ya msimu, tazama orodha ya kazi na tarehe. Mara nyingi zilikuwa finyu. Panua zote mbili safari ijayo, na utume siku za mwanzo.

Ukikataliwa mwishoni kabisa mwa msimu, pamoja na kundi kubwa, yaelekea nafasi zimejaa. Hapo kinachobadilika ni wakati wa kuomba tu.

Ukikataliwa baada ya usaili, kazi ni kubwa zaidi, lakini unajua pa kuanzia. Jioni ileile, kabla hujasahau, andika maswali yote uliyoulizwa na ulichojibu. Jirekodi ukiyajibu upya na umpe mtu anayeongea Kiingereza cha kazini asikilize: mwalimu, mfanyakazi wa kituo cha ajira cha chuo. Mwulize mambo mawili tu, wapi alichoka kusikiliza na wapi hakuelewa. Lafudhi si tatizo. Kasi na jibu lisilo na mfano ndizo hukwamisha.

Kisha tumia miezi ya kusubiri kupata mstari mpya kwenye wasifu. Kazi ya msimu kwenye bustani ya burudani iliyo karibu na nyumbani ni bora kuliko zote, kwa sababu inajibu kila swali la usaili. Kentucky Kingdom iko Louisville. Kings Island iko Mason, Ohio, kaskazini mwa Cincinnati. Six Flags Over Texas iko Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Worlds of Fun iko Kansas City, Valleyfair iko Shakopee karibu na Minneapolis. Hizi huajiri vijana wengi kwa ajili ya kiangazi, na matangazo huanza majira ya baridi. Cedar Point ya Sandusky, Ohio, hutoa hata nyumba kwa wafanyakazi wa msimu, hivyo pia unajifunza kuishi na wenzako wa chumba kabla ya kuulizwa habari hiyo. Pasipo na bustani karibu, uwanja wa michezo, sinema, hoteli au kaunta ya duka kubwa vinatosha. Miezi 3 ya keshia yenye mikasa ya kusimulia inapita miaka 2 ya ofisini bila kuonana na mtu.

Katika maombi ya pili, taarifa za zamani zisibadilike: tarehe za kazi, jina la chuo, mwaka wa kuhitimu. Ongeza, usigeuze. Na ukiulizwa kwenye usaili kama umewahi kuomba, sema ndiyo, kisha taja moja kwa moja ulichofanya tangu wakati huo.

Aliye mwaka wa mwisho ahesabu misimu iliyobaki. Ukiomba muhula wako wa mwisho na kukataliwa, bado dirisha la waliohitimu karibuni linaweza kukupa nafasi moja au mbili, mradi tarehe ya kuripoti iangukie ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo.

Aliyekwisha kuifanya na anataka kurudi

Huyu naye anaomba upya, na kumbukumbu yake ya kazi inasomwa. Kuchelewa na kutohudhuria huhesabiwa, na kuondoka kabla ya mkataba kuisha kunaweza kuandikwa dhidi yako kwenye suala la kuajiriwa tena. Ikiwa kuna msiba au ugonjwa nyumbani, usipande basi usiku na kunyamaza. Zungumza na kiongozi wako na ofisi ya programu, uliza kuhusu likizo ya dharura, na kama lazima uondoke, toa taarifa kwa maandishi na ukamilishe taratibu za kukabidhi chumba na vifaa. Kabla ya siku ya mwisho, andika kazi zote ulizofundishwa, vituo ulivyoshika na majina ya viongozi waliokubali kukusemea, na ubadilishe anwani yako kwenye mfumo wa mishahara. Fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara na makato yako ya mwaka, hutumwa kufikia Januari 31, na chumba chako cha Flamingo Crossings kitakuwa na mtu mwingine.